44,100 au 48,000? Sauti ya filamu na namba zake

Tuseme uko Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, unatengeneza filamu fupi kuhusu uvuvi wa dagaa. Kamera inachukua picha, na kinasa sauti kiko mbele ya mzee anayesimulia. Kinakuuliza: 44,100 au 48,000? Wengi tunabonyeza tu, tukidhani kubwa ndiyo bora. Kumbe kila namba ina historia yake.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kifaa cha dijitali huupima mtikisiko huo mara nyingi kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Mwaka 1949 Claude Shannon alichapisha uthibitisho kwamba idadi ya vipimo lazima izidi mara mbili ya mitikisiko unayotaka kuinasa. Sikio la binadamu huishia kwenye mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo vipimo 40,000 na ushee vinatosha.

Sasa hiyo 44,100 ilitoka wapi? Kwenye mikanda ya video! Mwishoni mwa miaka ya 1970 diski za kompyuta zilikuwa ghali na ndogo mno, hivyo wahandisi wakahifadhi sauti ya dijitali ndani ya mistari ya picha ya video. Mfumo wa Marekani na Japani ulitoa mistari 245 × 60 × sampuli 3. Ule wa Ulaya, ambao televisheni ya Zanzibar nayo iliufuata, ulitoa 294 × 50 × 3. Piga hesabu: zote mbili ni 44,100. CD za Sony na Philips zilipotoka mwaka 1982 zikairithi namba hiyo.

Filamu ilikuwa na hesabu nyingine. Huonyesha picha 24 kwa sekunde. Gawanya 48,000 kwa 24, unapata sampuli 2,000 kamili kwa kila picha. Kwa picha 25 ni 1,920. Lakini 44,100 kwa 24 ni 1,837.5, na nusu sampuli haipo.

Rudi Kipili. Faili la 44,100 likisomwa kana kwamba ni la 48,000, simulizi ya saa moja itaisha kwa dakika 55 hivi. Sauti ya mzee itakuwa nyembamba, na midomo itaachana na maneno. Kwa hiyo weka 48,000 kwenye vifaa vyote kabla hajaanza kusimulia, na uandike kiwango hicho kwenye jina la faili. Atakayelifungua miaka 20 ijayo atajua sauti ile ilikwenda kwa mwendo gani.