Ziwa Moja au Maziwa Matatu: Tabora na Usahihi wa Ramani

Mwaka wa 1856 wanajiografia wa London walikuwa wakijadiliana juu ya ramani ya ajabu. Ilichorwa na Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wamisionari wa Kijerumani waliokuwa pwani ya Afrika ya Mashariki, na katikati ya bara ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ziwa hilo wachoraji hawakuliona. Erhardt alikaa Tanga mwaka wa 1854, akawauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Waliopita njia ya kusini walisema safari yao ilikoma majini. Wa njia ya Unyamwezi wakasema hivyo hivyo, na wa kaskazini pia. Hakuna aliyesema uongo. Kosa lilikuwa la mwenye kalamu, aliyeyaunganisha maji matatu yakawa mamoja.

Kosa hilo lilisahihishwa Tabora. Tarehe 7 Novemba 1857 Burton na Speke waliwasili Kazeh, makao ya wafanya biashara wa Kiarabu katika Unyanyembe. Mwenyeji wao, Snay bin Amir, aliwaeleza kuwa maziwa ni matatu: Nyasa, la Ujiji, na la Ukerewe. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke alisimama mbele ya hilo la tatu, akaona kuwa mzee yule alijua asemalo. Ajabu ni kwamba vyombo ndivyo vilivyopotoka: kwa kipimajoto cha maji yachemkayo Speke aliliweka ziwa la Ujiji kwenye kimo cha futi 1,844, hali kimo chake hasa ni karibu futi 2,530.

Siku hizi mambo yamegeuka. Erhardt alikuwa na majina bila vipimo. Mchoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap, ramani ya umma iliyoanzishwa mwaka wa 2004, hupata vipimo bila majina. Huketi mbali, akafuatisha picha ya setilaiti. Picha hiyo yaweza kuwa imesogea mita kadhaa, au imepigwa miaka mingi nyuma. Wakati wa kiangazi paa la nyasi chini ya miyombo hufanana na udongo, na mto mkavu wa mchanga hudhaniwa barabara. Orodha za serikali nazo huchakaa. Iliyoandikwa kabla ya mwaka wa 2012 huiweka Kaliua ndani ya wilaya ya Urambo. Na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, majina ya kale yakabaki porini. Mgonjwa anayetafutwa na gari la hospitali hasaidiwi na paa lisilo na jina.

Hata jina lililoandikwa lataka mwenyeji wa kulithibitisha. Kazeh ilienea katika ramani za Ulaya, lakini Stanley, aliyefika huko mwaka wa 1871, aliandika kwamba hakupata mahali patambulikanapo kwa jina hilo. Wenyeji wake walisema Tabora.