Mlima wa Ngomo Unasingiziwa

Juni 2024 vita vya Kamanyola, mashariki mwa Kongo, vilitimiza miaka 60. Miezi minane baadaye, Februari 2025, jina hilo likarudi kwenye taarifa za habari: wapiganaji wa M23 walikuwa wameingia Bukavu na kushuka hadi Kamanyola, na Barabara ya Taifa namba 5 ikakatika kati ya Bukavu ya milimani na Uvira iliyo kando ya ziwa Tanganyika. Desemba ya mwaka huohuo vita vikafika Uvira kwenyewe. Yamesemwa mengi tangu hapo kuhusu majeshi, mipaka na mikataba, lakini kipande kimoja cha barabara hiyo kimeendelea kutajwa kama balaa la maumbile tu: mteremko wa Ngomo. Husemwa kwamba Ngomo imeshindikana, kwamba ndivyo Mungu alivyouumba mlima ule. Historia haikubaliani na maneno hayo. Ngomo imebaki ilivyo kwa sababu kila aliyeitawala Kivu alikuwa na njia yake nyingine ya kupita, na wasiokuwa na njia nyingine hawakuulizwa.

Ugumu wa mahali penyewe haukataliwi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika liko mita 770 hivi, na mto Ruzizi unaoyaunganisha huporomoka sehemu kubwa ya tofauti hiyo katika sehemu yake ya juu, kabla ya kutulia bondeni. Anayetoka Bukavu hupita Nyangezi, kisha barabara huambaa ubavuni mwa mlima, nyembamba, ukuta wa udongo upande mmoja na korongo upande wa pili. Kutoka kileleni bonde la Ruzizi huonekana lote limetandazwa, na nchi tatu zinakutana machoni: Kongo, Rwanda na Burundi. Barabara zenye mandhari kama hayo ni chache katika Maziwa Makuu yote, na zinazoogopwa kama hiyo ni chache vilevile, maana malori yaliyobeba ndakala, chumvi na unga yameangukia humo mwaka baada ya mwaka. Chini ni Kamanyola, halafu tambarare: Luvungi, Luberizi, Sange, Kiliba, hadi Kavimvira na Uvira.

Wabelgiji ndio wa kwanza kuukabili mteremko huo kwa mahesabu ya biashara. Mkataba wa 1910 ulikuwa umeufanya Ruzizi kuwa mpaka kati yao na Wajerumani, lakini baada ya 1916 wakajikuta wanashika kingo zote mbili, Rwanda na Burundi zikiwamo. Mwaka 1921 Waingereza wakawapa maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa hiyo mali ya Kivu ikapata mlango wa bahari kupitia ziwa na reli ya kati ya Tanganyika. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu ya kugawa ardhi kwa walowezi, na walowezi wakataka kusafirisha mazao yao. Ikajengwa reli kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, kufuata tambarare kwa kilomita zipatazo 90. Ilifika Kamanyola mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikasimama. Mizigo ya kwenda Costermansville, kama Bukavu ilivyoitwa wakati ule, ilishushwa hapo na kupandishwa mlimani kwa malori, katika nchi ambayo barabara zake zilichimbwa na kutunzwa kwa kazi ya lazima ya wanakijiji. Reli haikupanda mlima hata siku moja, na ikafungwa kabla ya uhuru. Hapa ndipo desturi ilipoanza: fedha hutumika pale palipo rahisi, na penye kazi ngumu huachiwa dereva na bahati yake.

Kisha ukaja mwaka 1964, ulioipa Kamanyola sifa kuliko kijiji kingine chochote cha bonde hilo. Aprili Wafuliru, wenyeji wa eneo la Uvira, walianza kushambulia vituo vya serikali, wengi wakiwa na mikuki na mapanga, wakiongozwa na Musa Marandura. Katikati ya Mei Uvira ikaanguka. Benoît Verhaegen, mtafiti Mbelgiji ambaye kitabu chake *Rébellions au Congo* bado ndicho kinachoegemewa zaidi kuhusu siku hizo, anasisitiza kwamba chanzo kilikuwa cha mahali hapohapo, ugomvi wa utawala wa kimila na uchungu wa watu waliosahauliwa na serikali ya uhuru, kabla viongozi wa mapinduzi waliokuwa Bujumbura hawajaushika uongozi. Askari wa serikali walirudi nyuma mbio kuelekea mlimani. Juni, Mobutu, aliyekuwa mkuu wa jeshi, akafika Kamanyola. Kwa simulizi iliyofundishwa katika Zaire yote, aliwakuta askari wake wakikimbia, akaingia darajani mwenyewe risasi zikivuma, wakaona haya, wakamfuata, adui akatimuliwa. Wapinzani wake hawakuikubali simulizi hiyo kamwe. Kwao, mapigano yale yalikuwa madogo na yalikuzwa baadaye ili mkuu wa nchi apate ushujaa wa vitani. Wengine huuliza mbona heshima ya kuiokoa Bukavu haiendi kwa Kanali Léonard Mulamba, aliyeulinda mji huo Agosti ya mwaka uleule. Si lazima kumaliza ugomvi huo. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo lililo muhimu zaidi kwetu: aliyeshika mguu wa mteremko alishika njia ya Bukavu, na serikali ililijua hilo tangu 1964.

Kwa kulijua, ilifanya nini? Iliipa divisheni ya jeshi iliyofunzwa na Wakorea Kaskazini jina la Kamanyola. Meli ya rais kwenye mto Kongo ikaitwa Kamanyola. Uwanja mpya wa mpira wa Kinshasa nao ukaitwa Kamanyola, hadi ulipobadilishwa kuwa Stade des Martyrs mwaka 1997. Barabara iliyokifanya kijiji hicho kupiganiwa haikupata sehemu yake katika fahari yote hiyo. Atakayejibu kwamba vita havikutoa nafasi aziangalie tarehe. Mamluki wa Jean Schramme, waliokuwa wameishika Bukavu, waliondoka Novemba 1967. Vita vilivyomwangusha Mobutu vilianzia upande huu wa Uvira Oktoba 1996. Katikati kuna karibu miaka 30 ambayo Ngomo haikuwa uwanja wa mapigano. Atakayesema mlima wenyewe haukubali kujengwa atazame korongo la Ruzizi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 lilijengwa humo bwawa la umeme la Ruzizi I, na mwaka 1989 Ruzizi II ikaanza kufanya kazi, mali ya nchi tatu kwa pamoja. Wahandisi waliupatia mto uleule zege na mashine mara mbili. Na Rwanda, yenye milima isiyopungua hii kwa ukali, ina lami inayoupita msitu wa Nyungwe hadi Rusizi.

Lami hiyohiyo ya Rwanda ndiyo iliyokuwa kimbilio. Kwa miaka mingi abiria wa Bukavu aliyekwenda Uvira alivuka mpaka Ruzizi, akashuka kwa lami hadi Bugarama, akarudi Kongo kwa daraja la Kamanyola. Alivuka mipaka ya kimataifa mara mbili ili kutoka mji mmoja wa Kivu Kusini kwenda mwingine. Wapo wanaoona hakuna ubaya: ujirani ni kheri, biashara huunganisha watu, na Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL) iliundwa mwaka 1976 kwa nia hiyo. Hoja hiyo ina uzito, na umeme wa Ruzizi II ni ushahidi wake mzuri. Lakini njia ya jirani ni ujirani kwa mwenye njia nyingine ya kuchagua. Machi 2020 Rwanda ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, kila mtu alirudishwa Ngomo, mgonjwa na mfanyabiashara sawasawa.

Mengine ya miaka ya karibuni yanajulikana: lori la mafuta lililopinduka Sange tarehe 2 Julai 2010 na kuua watu zaidi ya 230, mafuriko ya Aprili 2020 ndani ya Uvira, maji ya ziwa yaliyopanda hadi Kalundu. Yote yalitokea kwenye barabara hii moja. Wabunge wa Kivu Kusini na wale watakaokaa kupanga ujenzi baada ya vita wasikubali tena bajeti inayoanza na tambarare na kuahidi mlima baadaye. Ahadi hiyo imekuwapo tangu reli iliposimama Kamanyola, na bado haijatimizwa. Waanze na Ngomo.