Spika janja ya zamani na mpya: zitapiga pamoja?

Una spika ya Wi-Fi uliyoletewa na ndugu aliye nje miaka kadhaa iliyopita. Sasa umepata nyingine mpya, ya kampuni ileile. Unataka zote mbili zipige wimbo mmoja, moja sebuleni, nyingine barazani. Unafungua programu kwenye simu: ya zamani haionekani.

Haijaharibika. Inawaka, na spika zake za ndani ni nzima. Kilichotokea ni kwamba kampuni imeacha kuitengenezea programu, na ile mpya imekuja na lugha ambayo mkongwe haijui.

Spika janja ni kompyuta ndogo iliyovaa boksi la spika. Ina prosesa, ina memori, inatumia intaneti. Boksi linaweza kudumu miaka 20. Kompyuta iliyo ndani hudumu kadiri kampuni inavyotaka, na memori yake ikijaa ndiyo basi.

Sonos na vita ya 2020

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Sonos, kampuni ya Marekani. Januari 2020 ilitangaza kwamba kuanzia Mei mwaka huo bidhaa zake za zamani hazitapata tena masasisho. Humo ilikuwemo Play:5 ya kwanza, iliyotoka 2009, pamoja na matoleo ya Connect na Connect:Amp yaliyouzwa mpaka 2015.

Watu hawakukasirika kwa sababu mzee anastaafu. Walikasirika kwa sababu spika zote za nyumba moja zilitakiwa kuwa na toleo moja la programu. Moja ikikwama, na mpya zote zinakwama nayo. Yaani aliyenunua spika mwezi uliopita anazuiwa na ile ya miaka kumi iliyopo chumbani.

Tena kulikuwa na punguzo la asilimia 30 kwa anayenunua mpya, kwa sharti la kuiua ya zamani moja kwa moja kwa kubonyeza kitufe kwenye programu. Spika nzima, inageuzwa taka! Sharti hilo liliondolewa Machi 2020. Bosi wa kampuni wakati huo, Patrick Spence, alikuwa ameshaomba radhi ndani ya siku mbili tu baada ya tangazo.

Juni 2020 likaja suluhisho: programu mbili. S1 kwa za zamani, S2 kwa mpya. Zinakaa nyumba moja bila ugomvi, ila huwezi kuziweka kundi moja zipige pamoja. Zipo za katikati, kama Play:1, zinazokubali pande zote mbili, kwa hiyo unachagua mwenyewe iende na nani.

JBL: tatizo lilelile, mlango mwingine

Tuseme ukweli, Songea Sonos ni nadra. Ukipita Mfaranyaki au Lizaboni jioni, kwenye vinyozi na vibanda vya chipsi, spika ya Bluetooth ndiyo inayotawala, na jina utakaloliona sana ni JBL (halisi na bandia).

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. JBL imebadilisha njia ya kuunganisha spika zake mara kadhaa. Flip 4 na Charge 4 zinatumia Connect+. Flip 5, Flip 6 na Charge 5 zinatumia PartyBoost. Flip 7 na Charge 6 zinatumia Auracast. Connect+ haielewani na PartyBoost, na PartyBoost haielewani na Auracast. Kwa hiyo kinyozi mwenye Charge 4 akinunua Charge 5 ili sauti iongezeke, atabaki na spika mbili zisizojuana. Muuzaji atakwambia "zote si JBL?" Muulize ni ya mfumo gani, kisha zijaribu pamoja palepale dukani kabla hujatoa hela.

King'amuzi kilishatufundisha

Mwishoni mwa 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia ya televisheni, ikianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, kisha mikoa mingine. TV za chogo hazikutupwa. Ziliwekewa king'amuzi, zikachomekwa waya wa nyekundu, nyeupe na njano, maisha yakaendelea. Akili ilikaa kwenye king'amuzi, TV ikabaki kioo na sauti.

Spika ya zamani nayo ifanyie hivyohivyo. Tafuta tundu la AUX nyuma yake. Play:5 ya kwanza inalo. Chomeka simu ya zamani au kipokezi kidogo cha Bluetooth, na hapo kompyuta ya ndani haikuhusu sana. Sabufa ya nyumbani ambayo haijawahi kuwa na intaneti inapata akili kwa njia hiyohiyo.

Ukitaka ya zamani na mpya zipige pamoja, gawa sauti ya chanzo kimoja kwa waya wa Y uende kwenye zote mbili. Kuna kasoro moja: spika za Wi-Fi huchelewesha sauti kidogo hata ikipita AUX. Zikiwa chumba kimoja utasikia kama mwangwi. Sebuleni na barazani haisumbui sana.

Kampuni nyingine zimekuwa waungwana zaidi. Harman Kardon Invoke ya 2017 ilipopoteza msaidizi wake wa sauti, Cortana, Machi 2021, ilipewa sasisho la mwisho lililoigeuza kuwa spika ya Bluetooth ya kawaida. Bose nayo ilitangaza Oktoba 2025 kwamba huduma za mtandaoni za SoundTouch, zilizoanza 2013, zitafungwa 2026, lakini AUX na Bluetooth zitaendelea kufanya kazi.

Wi-Fi yako ya nyumbani

Nyumba nyingi intaneti ni hotspot ya simu. Simu ikienda sokoni, spika za Wi-Fi zinanyamaza, mpya na ya zamani sawasawa. Kama huna ruta ya kukaa nyumbani, Bluetooth na waya vinakufaa zaidi kuliko akili nyingi zinazokula bando.

Kama ruta unayo, kifaa kisichopata masasisho usikiweke mtandao mmoja na simu unayofanyia miamala. Matundu ya usalama yanayogunduliwa leo hakuna atakayeyaziba. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni, kiweke huko.

Ukinunua ya mtumba

Usiulize tu "inalia?" Angalia jina kamili na namba ya modeli chini ya spika, kisha tafuta kwenye tovuti ya kampuni kama bado inahudumiwa. Isiyo na AUX wala Bluetooth, achana nayo hata kwa bei ya kutupa.

Na kama uliyonayo inafanya kazi, usikubali fundi airiseti kwanza "ili iwe safi". Kuiwasha upya kunaweza kuhitaji seva za kampuni, na seva zikiwa zimefungwa, hutaweza kuirudisha.