Kujifunza Kabla ya Kuweka Akiba: Somo Kutoka Antigonish



Katika parokia nyingi kikundi cha akiba huanza kwa sanduku na kufuli. Wanachama hukutana, hutoa fedha, humchagua mweka hazina, na siku ya kukopeshana hufika kabla mtu yeyote hajaeleza riba ni nini wala daftari la hesabu husomwaje. Kikundi kikivunjika, lawama zote humwangukia mweka hazina. Juma hili tunapenda kutafakari historia ya watu walioshika njia nyingine: mapadre, masista na waamini wa Jimbo la Antigonish, mashariki mwa Kanada, ambao walijifunza kwanza, ndipo wakaunda vyama vyao.

Katika miaka ya 1920 wakazi wengi wa sehemu hizo za Nova Scotia walikuwa wavuvi, wakulima wadogo na wachimbaji wa makaa ya mawe. Mvuvi alichukua nyavu, chumvi na unga kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara yuleyule ndiye aliyenunua samaki na kupanga bei. Msimu ulipokwisha, mvuvi alibaki na deni. Mchimbaji naye alikopa chakula katika duka la kampuni, na deni likakatwa katika mshahara kabla haujafika mkononi mwake. Vijana wengi waliondoka kwenda kutafuta maisha mbali.

Mwaka 1921 Padre James Tompkins, makamu wa mkuu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alichapisha kijitabu cha kudai kwamba elimu iwafuate watu wa kawaida pale walipo. Mwaka uliofuata alihamishiwa Canso, parokia ya wavuvi maskini. Huko hakuwa na mtaji wa kugawa. Aligawa magazeti na vijitabu, akawauliza watu maswali, akawaacha wabishane. Tarehe 1 Julai 1927, nchi ilipoadhimisha miaka 60 ya kuundwa kwake, wavuvi wa Canso walikutana kujadili hali yao, kwa kuwa hawakuona la kushangilia. Kilio cha wavuvi kilipelekea serikali kuunda tume, na Padre Moses Coady, binamu yake Tompkins, akatoa ushahidi mbele yake. Mwaka 1928 chuo kikuu kikaanzisha idara ya elimu kwa watu wazima, Coady akiwa mkurugenzi wake.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kwanza uliitishwa mkutano wa hadhara. Kisha watu walijigawa katika vikundi vidogo vya kujisomea, wakakutana majumbani, jikoni au sebuleni. Asiyejua kusoma alimsikiliza mwenzake akisoma. Waliulizana: Kwa nini bei ya samaki wetu ni ndogo? Fedha yetu inaishia wapi? Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini? Masista wa Mtakatifu Martha walihudumu katika maktaba na kuwafundisha akina mama. Ni baada ya masomo hayo tu ndipo ilipokuja hatua ya vitendo. Wavuvi wa Little Dover, karibu na Canso, walijijengea kwa mikono yao kiwanda cha kusindika kambakoche. Mwaka 1932 Nova Scotia ilipitisha sheria ya vyama vya akiba na mikopo, na vyama vya kwanza vikaanza mwaka huohuo. Mtu aliweka senti chache kila alipoweza, akakopeshwa kwa kuwa wenzake waliijua tabia yake.

Mfano mwingine ni wa Reserve Mines, alikopelekwa Padre Tompkins mwaka 1935. Aliigeuza nyumba yake ya parokia kuwa maktaba. Kikundi cha wachimbaji, wakisaidiwa na Bibi Mary Arnold wa New York, kilijifunza habari za viwanja, mikopo na ujenzi, hata wakatengeneza nyumba ndogo za mfano kwa karatasi ngumu. Hawakuharakisha kuchimba msingi. Kufikia mwaka 1938 familia 11 zilikuwa na nyumba zilizojengwa kwa nguvu zao wenyewe, na kijiji chao kikaitwa Tompkinsville.

Historia hii haikuwa ya ushindi mtupu. Vyama vilipokua na biashara kupanuka, vikundi vya kujisomea vilififia, na baadhi ya vyama vikafa. Hata hivyo mbegu ilisambaa. Mwaka 1959, mwaka aliofariki Padre Coady, chuo kikuu kilifungua taasisi yenye jina lake, ambako viongozi wa ushirika kutoka Afrika, wakiwamo wa nchi zetu, wamepata mafunzo. Kanisa la kwetu nalo liliuona umuhimu wa elimu ya namna hii: mwaka 1960 Wamisionari wa Afrika walianzisha chuo cha mafunzo ya jamii huko Nyegezi, Mwanza, ambacho mwaka 1998 kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino.

Wapendwa, katika Injili ya Luka Bwana wetu anatusimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kupiga hesabu. Huko kuketi ndiko tunakokuruka. Jumuiya zetu ndogondogo tayari hukutana majumbani kila juma. Hatuhitaji jengo jipya wala mfadhili. Tunapendekeza kila jumuiya inayotaka kuanzisha akiba itenge majuma manne kabla ya kupokea hata shilingi moja, ijibu maswali manne: Riba tutaihesabuje? Nani ataandika, na nani atakagua? Mwanachama akishindwa kulipa, tutafanya nini? Je, yule mama asiyejua kusoma atajuaje akiba yake ni kiasi gani?

Swali hili la mwisho ndilo zito zaidi. Fedha ya mjane ikipotea kwa sababu hakuna aliyemfundisha, hasara hiyo si yake peke yake. Ni ya jumuiya nzima iliyomwita ndugu.