Neno lilitangulia roboti

Siku hizi shule ikipata roboti, swali la kwanza huwa: je, inaweza kufuata mstari mweusi sakafuni? La pili huwa: tutashinda mashindano? Maswali mazuri tu. Lakini leo nataka tuchimbe historia kidogo, kwa sababu roboti ya darasani haikuanzia kwenye mashindano. Ilianzia kwenye maneno.

Turudi hadi mwaka wa 1967, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Katika kampuni ya Bolt Beranek and Newman, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walikuwa wakiunda lugha ya programu kwa ajili ya watoto. Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, alikuwa amefanya kazi Geneva na Jean Piaget, yule mtaalamu aliyechunguza jinsi mtoto anavyofikiri. Lugha hiyo waliiita Logo, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "neno". Jina halikuwa pambo. Lugha nyingi za programu za wakati huo zilishughulika zaidi na nambari, lakini Logo iliundwa ili mtoto aweze pia kuchezea maneno na sentensi. Kobe hakuwepo bado, wala roboti.

Katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka wa 1980, Papert anasimulia habari za msichana wa miaka 13 anayemwita Jenny. Wanafunzi wa mradi huo walikuwa wamechaguliwa makusudi kwa kuwa alama zao zilikuwa za wastani. Siku ya kwanza Jenny aliuliza kwa nini wamechukuliwa wao, ilhali wao si vichwa vya darasa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuifanya tarakilishi itunge sentensi za kishairi kwa kuokota maneno kibahati nasibu. Ili sentensi ziwe na umbo, ilimbidi ayapange maneno kwa makundi: nomino huku, vitenzi kule. Hapo ndipo alipoelewa nomino na vitenzi ni vya nini. Sarufi aliyokuwa akifundishwa miaka na mikaka ikageuka kifaa cha kazi.

Mnajua ni watoto wangapi wanaojiuliza swali la Jenny kila siku? "Mimi si kichwa, haya ya tarakilishi yananihusu nini?" Hilo ndilo ninalotaka tulikumbuke hadi mwisho wa makala haya.

Kobe alifuata baadaye. Wazo la mashine yenye umbo la kobe lilikuwa limeanzia Bristol, Uingereza, ambako William Grey Walter aliunda roboti zake ndogo mnamo 1948 na 1949. Kwenye Logo, kobe alikuwa mashine ya sakafuni yenye kalamu. Mwambie aende mbele 100, ageuke kulia 90, arudie hivyo mara nne, naye atachora mraba. Mtoto akikwama, Papert alitaka asimame, atembee hatua za kobe kwa miguu yake mwenyewe, ndipo aandike amri.

Katikati ya miaka ya 1970 Radia Perlman, akiwa MIT, alitengeneza vifaa vya kumwezesha mtoto asiyejua kusoma kumwendesha kobe kwa vitufe na kadi. (Naam, ni Perlman huyo huyo aliyebuni itifaki ya Spanning Tree mnamo 1985, inayozuia data isizunguke bila kikomo kwenye mitandao yetu!)

Hadithi na roboti zilikutana waziwazi mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika Chuo Kikuu cha Maryland, Allison Druin na wenzake waliwaketisha watoto wa miaka 7 hadi 11 pamoja na watu wazima, si kama wateja bali kama wabunifu wenza. Wakaunda PETS, roboti ya kusimulia hadithi yenye umbo la mnyama. Mtoto aliandika hadithi kwenye tarakilishi, na hadithi ilipofika penye furaha au huzuni, roboti iliigiza hisia hiyo kwa mwili. Kisha mwaka wa 2014 ikaingia sokoni KIBO, iliyotokana na utafiti wa Marina Umaschi Bers katika Chuo Kikuu cha Tufts. Haina skrini. Mtoto hupanga vipande vya mbao, roboti huvisoma kimoja kimoja, na lazima kuwe na kipande cha mwanzo na cha mwisho.

Mwanzo na mwisho! Sisi tuliolelewa kwa "Paukwa!" "Pakawa!" hatuhitaji kuelezwa zaidi. Hadithi ni mfuatano wa matukio. Programu ni mfuatano wa amri. Ukibadilisha mpangilio, yote mawili yanavurugika.

Hapa Kenya, mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu uliidhinishwa na KICD mwaka wa 2022. Vizuri. Lakini darasa la watoto hamsini likipewa roboti moja, wawili wataishika na wengine watatazama migongo yao. Hadithi hugawa kazi: huyu anatunga, yule anapanga amri, mwingine anashona vazi la Fisi, mwingine ni msimulizi.

Mimi huandika programu kwa riziki yangu, na Jumamosi nyingine hukaa na watoto wa mtaani kwetu. Roboti hatuna. Mmoja huwa Kobe, wenzake humwandikia amri kwenye karatasi ili afike kwa Sungura bila kumkanyaga Fisi aliyelala. Amri moja ikikosewa, Fisi anaamka, darasa zima linacheka, kisha wote wanainama kwenye karatasi kutafuta kosa lilipo. Hakuna anayeuliza nani ni kichwa.

Kwa hivyo mwalimu mwenzangu, kabla ya kutafuta pesa za roboti, tafuta hadithi. Roboti ikija, itakuta watoto wana la kuiambia.