Rangi za New York, Mapipa ya Shinkolobwe
Oktoba 1940 mchoraji Mholanzi Piet Mondrian alifika New York akikimbia vita vya Ulaya. Mwaka huohuo Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, alianza kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani kutoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, hadi jiji hilohilo. Mapipa yalilala ghalani Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipoyanunua, Septemba 1942.

Wakati huo, ng'ambo ya maji, Mondrian alikuwa akichora Broadway Boogie Woogie. Turubai ni ya mraba, sentimita 127 kila upande. Humo hamna mtu wala nyumba. Mistari ya manjano inakatizana kama barabara za Manhattan, na vimiraba vyekundu, vya buluu na vya kijivu vinarukaruka ndani yake kwa mapigo ya muziki alioupenda. Mistari myeusi aliyoishikilia kwa miaka mingi ameiacha kabisa. Ni picha yenye furaha ya kweli.

Vitabu vya sanaa husimulia New York ya miaka hiyo bila kuwataja wachimbaji wa Katanga. Sisi tunawataja: jasho lao lilikuwa bandarini pale, na urani yao ikaishia kwenye bomu la Hiroshima.

Mwaka 2022 msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, Katanga, alitoa mfululizo wa picha za kuchapwa, Shinkolobwe's Abstraction. Safari hii, aliyeuweka mgodi huu ndani ya sanaa dhahania ni mtoto wa Katanga.