Terminali ya ishara

Terminali ya ishara ni kiunganishi kidogo ambamo nyaya zinazobeba ishara za udhibiti huungwa na kiendeshi cha mota katika mitambo ya viwandani. Kiendeshi, ambacho mafundi wengi hukiita inverta, ni kifaa cha elektroniki kinachobadilisha marudio na volteji ya umeme unaokwenda kwenye mota ili kurekebisha kasi yake. Terminali za ishara hazipitishi umeme mkubwa unaoizungusha mota. Hupitisha amri na taarifa: kuanza, kusimama, kasi inayotakiwa, au hitilafu iliyotokea. Hata hivyo mota hutii ujumbe unaopita hapo, na hivyo waya mmoja uliolegea unaweza kusimamisha kazi ya kiwanda au kuhatarisha maisha ya mtu.

Muundo

Terminali ina sehemu kuu tatu: kipande cha metali kinachopitisha umeme, kibano kinachoushika waya, na kasha la plastiki linalotenga terminali moja na nyingine. Baadhi zimo ndani ya kiendeshi chenyewe. Nyingine hupangwa kwenye reli ya chuma yenye upana wa milimita 35 ndani ya kabati la umeme. Kila moja hupewa namba, ili fundi aweze kuifuatilia kwenye mchoro.

Kuna vibano vya aina mbili vinavyotumika zaidi. Kibano cha skrubu hukazwa kwa bisibisi, na nguvu ya kukaza hutegemea mkono wa fundi. Kibano cha springi hubana chenyewe, na huendelea kubana hata mashine ikitetemeka au waya ukipanuka na kusinyaa kwa joto.

Historia

Kampuni ya Phoenix Contact ilianzishwa mjini Essen, Ujerumani, mwaka 1923. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa kushirikiana na kampuni ya umeme ya RWE, ilitoa terminali zinazopangwa mojamoja kwenye reli. Kampuni ya WAGO ilianzishwa mjini Minden, Ujerumani, mwaka 1951 na ikajulikana kwa vibano vya springi.

Aina za ishara

Ishara za kidijiti zina hali mbili tu, kuwaka au kuzimika, na kwa kawaida hutumia volti 24 za mkondo mnyoofu. Ishara za analogi hueleza kiasi. Mbili zinazotumika sana ni volti 0 hadi 10 na miliampia 4 hadi 20.

Tofauti ya hizo mbili ni muhimu. Tuseme volti 10 zinamaanisha hezi 50. Volti 0.5 ikipotea njiani kwa sababu ya muungo mbovu, kiendeshi kitatoa hezi 47.5. Kwa mota ya nguzo nne, ambayo uga wake wa sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika kwenye hezi 50, upungufu huo ni mizunguko 75 kwa dakika.

Ishara ya mkondo haiathiriki hivyo. Mkondo ni uleule katika saketi nzima, hivyo ukinzani ukiongezeka kidogo kwenye muungo, kifaa kinachotuma ishara huongeza volteji na mkondo haubadiliki, ilimradi volteji hiyo haijafikia kikomo. Zaidi ya hayo, kipimo cha chini kabisa ni miliampia 4, si sifuri. Kwa hiyo kiendeshi kikipokea miliampia 0 kinaweza kutambua kwamba waya umekatika.

Sababu za hitilafu

Kulegea ni sababu mojawapo. Waya wenye nyuzi nyingi haufai kupakwa lehemu kabla ya kubanwa kwa skrubu, kwa kuwa lehemu ni laini na hubonyea polepole mpaka muungo unalegea. Badala yake, ncha ya waya huvikwa kikopo chembamba cha metali na kubanwa kwa koleo maalumu.

Sababu nyingine ni usumbufu wa umeme. Kiendeshi huwasha na kuzima umeme wa mota maelfu ya mara kwa sekunde, na nyaya za ishara zilizo karibu huweza kuudaka usumbufu huo. Hivyo nyaya za ishara hutengwa na kebo za mota. Zikilazimika kukutana, hupishana kwa pembe ya nyuzi 90. Nyaya za analogi hufunikwa kwa wavu wa metali uliounganishwa na ardhi jinsi mtengenezaji anavyoelekeza.

Usalama

Saketi ya kusimamisha mashine hutumia swichi ambayo kwa kawaida imefungika, yaani inayopitisha umeme wakati wote na kuukata inapobonyezwa. Waya ukichomoka kwenye terminali, umeme hukatika vilevile na mashine husimama. Ingetumika swichi iliyo wazi, waya ungeweza kuchomoka bila yeyote kujua, na siku ya ajali kitufe kisingefanya kazi.

Kabla ya kugusa terminali, umeme hukatwa na swichi kuu hufungwa kwa kufuli. Hata baada ya hapo kapasita za kiendeshi hubaki na chaji. Katika kiendeshi cha volti 400 hufikia takribani volti 560. Fundi husubiri muda ulioandikwa kwenye kifaa, kisha hupima kuhakikisha hakuna umeme.

Tazama pia

Mota ya umeme
Kapasita
Saketi